Ulimi wa Kheir Haukuwa Mwekundu

Tangazo! Tangazo kwa wakubwa na wadogo! Mnaombwa mkae sawasawa, mzime redio, na mkunje mikono vifuani. Hadithi inayoanza hapa ni ya nasaba tukufu inayotawala ghorofa ya nne ya jumba moja refu la Michenzani. Ni nasaba yenye heshima, tena yenye hazina nyekundu inayolindwa usiku na mchana.

Nasaba hiyo ilikuwa na watu wanne tu. Hazina yenyewe ilikuwa ndoo ya ubuyu. Na asubuhi hii, mtukufu mdogo kuliko wote, Kheir wa miaka mitatu, alikuwa amekaa kwenye poti ukumbini, anaimba.

Mama yake, Bi Shemsa, alikuwa jikoni. Kazi yake ilikuwa kupika ubuyu wa kuuza. Alichemsha sukari na maji, akatia rangi nyekundu, iliki, vanila na pilipili kidogo. Kisha alimimina mbegu za mbuyu na kuzigeuza kwa mwiko mpaka kila mbegu ivae nguo yake. Ubuyu wake ulijulikana katika maduka mengi ya Mji Mkongwe. Kwa sababu hiyo nyumba nzima ilikuwa nyekundu. Mwiko ulikuwa mwekundu. Taulo zilikuwa nyekundu. Kucha za Bi Shemsa zilikuwa nyekundu. Hata paka wa jirani aliwahi kulala jikoni humo, akarudi kwao na mkia mwekundu.

Mume wake, Ubwa, alikuwa mtu wa Tumbatu na mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi. Mabega yake yalikuwa mapana na maneno yake machache. Binti yao mkubwa, Tahiya, alikuwa amerudi likizo kutoka skuli anakolala dakhalia. Kuhusu Tahiya hakuna mengi ya kusema, ila alikuwa msichana mwenye akili nyingi, adabu nyingi na sura ya kupendeza. Tuendelee.

"Mama, nshamaliza!" Kheir aliita.

Bi Shemsa alikuja akifuta mikono. Alitazama ndani ya poti. Akashika kiuno. Choo cha Kheir kilikuwa chekundu.

"Kheir! Nani kala ubuyu wa watu?"

"Mimi."

"Nani kakufungulia ndoo?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mimi."

Hapa msomaji ajue jambo moja. Siku hizo Kheir alijibu "mimi" kwa karibu kila swali. Nani kavunja gilasi? Mimi. Nani nahodha wa boti ya Dar? Mimi. Nani kaleta mvua? Mimi. Lakini Bi Shemsa alikuwa na ushahidi mwingine. Alikwenda jikoni, akafunua ndoo. Ubuyu ulikuwa umepungua.

"Si unaona!" alimwambia Tahiya. "Ndugu yako huyu mwizi."

Tahiya alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Watoto wa siku hizi, mama," alisema.

Basi ndoo ilihamishwa. Iliwekwa juu ya kabati, na kifuniko kikabanwa. Bi Shemsa akarudi kazini, moyo umetulia.

Kesho yake choo kilikuwa chekundu tena. Safari hii kilikuwa kizito na cheusi kidogo, kama maji ya zambarau zilizoiva. Na ndoo juu ya kabati ilikuwa imepungua tena.

"Mtoto huyu anapanda kabati kama kima!" Bi Shemsa alisema. Alimshika Kheir mabega. "Mwanangu, tumbo linakuuma?"

"Haliumi."

Alimbonyeza tumboni. Kheir alicheka, alidhani anatekenywa.

"Haumwi," Bi Shemsa alimwambia mumewe jioni. "Ni rangi tu. Mtoto mwenye tumbo bovu si angelia?"

Ubwa alifikiri, akakubali. Katika nyumba yoyote nyingine, choo chekundu kingewatoa watu mbio. Katika nyumba ya ubuyu, ndoo ilitafutiwa kifuniko kikali zaidi.

Siku zikapita. Kisha Kheir akaacha kuimba.

Kwanza alikataa kupanda ngazi, akataka abebwe. Halafu akaanza kulala asubuhi, wakati wa kuchezea vifuniko vya masufuria. Ubwa alimbeba begani, akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi.

"Mke wangu, mtoto huyu kawaje?"

"Kashiba sukari. Nshampa maji ya mchele," Bi Shemsa alijibu. Lakini safari hii hakuamini maneno yake mwenyewe. Alimtazama mtoto aliyelala, na mwiko ukaungua sufuriani.

Mlango wa pili katika ghorofa hiyo alikaa Bi Radhiya, muuguzi wa wodi ya watoto. Sauti yake ilisikika toka ghorofa ya kwanza mpaka ya mwisho. Alijua kazi yake na hakuona haya kusema kwamba anaijua. Alikuwa na tabia moja. Mtoto yeyote akikutana naye kwenye ngazi, alimsimamisha na kumwamuru: "Toa ulimi!" Alitazama, akasema, "Kunywa maji," au, "Nenda kapige mswaki, fedheha hii!" Kisha akaenda zake. Kwa sababu zisizohusu hadithi hii, Tahiya alipenda kupita ngazi za upande wa pili.

Siku hiyo Bi Radhiya alikuja kurudisha sinia.

"Hodi humu! Mbona kimya? Yuko wapi nahodha wangu?"

"Karibu, Bi Radhiya. Huyo hapo kalala," alisema Bi Shemsa.

"Saa hizi? Kheir! Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo," Kheir alinong'ona. Hakuinua kichwa.

"Marahaba. Toa ulimi."

Kheir alitoa ulimi. Bi Radhiya aliinama kuutazama. Kisha likatokea jambo ambalo majirani hawakuwahi kulisikia. Bi Radhiya alinyamaza.

Alivuta kope ya chini ya jicho la mtoto. Alifungua kiganja chake. Aliweka vidole juu ya mshipa wa mkono, akatazama saa.

"Shemsa," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu anakula nini?"

"Ubuyu! Hata simuelewi. Ndoo inakwisha, na yeye anakwenda choo chekundu."

"Chekundu? Tokea lini?"

"Tokea wiki iliyopita. Lakini haumwi, Bi Radhiya. Wallahi haumwi hata kidogo."

"Njoo hapa. Wewe ndiye fundi wa ubuyu, nijibu wewe. Mtoto aliyekula ubuyu, ulimi wake unakuwaje?"

Bi Shemsa alijua jibu kuliko mtu yeyote Unguja. Ubuyu wake ulishika ulimi toka asubuhi mpaka usiku. Wateja walimtania kwa hilo. Aliinama, akatazama. Ulimi wa Kheir ulikuwa mweupe kama tui la nazi.

Bi Shemsa akakaa chini.

"Rangi hii haikupita mdomoni," alisema Bi Radhiya. "Imeanzia ndani. Hii ni damu."

"Lakini haumwi!"

"Ndilo linalotuhadaa. Kuna damu inayotoka tumboni bila ya maumivu yoyote. Mtoto anacheza, na huku inamwisha. Mtazame kope, hazina damu. Moyo wake unakwenda mbio kwa kuwa damu iliyobaki ni kidogo. Kuna choo chake?"

"Kipo kwenye poti, sijakimwaga."

"Usimwage. Tia kidogo kwenye kikopo safi, tumwonyeshe daktari. Twende."

"Nimngoje Ubwa?"

"Ubwa atatukuta huko. Vaa buibui lako!"

Tahiya alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo. Kisha akaufunga, akaubana.

Hospitalini, Daktari Msabah hakuuliza mengi. Alipima choo, akasema ni damu kweli. Alipima damu ya mwilini, akakunja uso.

"Imepungua sana. Kabla ya kutafuta tundu la kutokea, lazima tumwongeze. Nani atachangia benki ya damu?"

Ubwa alifika akiwa na nguo za kazi. Nyuma yake waliingia wachukuzi wa Malindi, kundi zima, na vumbi la unga mabegani. Habari ilikuwa imewafikia na wakaacha makuli wengine wakishusha. Kila mmoja alikunja mkono wa shati. Borafya, anayebeba magunia mawili kwa mpigo, aliiona sindano tu, akaanguka chini kama kitenge. Alipozinduka alisema, "Sijaanguka. Nilikuwa nnakaa." Kisha akanyoosha mkono, akafumba macho, akatoa damu kama wenzake.

Mfuko wa damu ulitundikwa juu ya kitanda cha Kheir. Tone likafuata tone. Bi Shemsa alikaa akitazama. Aliishi na wekundu kila siku ya maisha yake, lakini wekundu wa namna hii hakuwahi kuuona. Ulishuka kimya katika mrija. Na kidogo kidogo, kama mtu anayepaka rangi kwa subira, ukarudi kwenye midomo ya mwanawe, kisha kwenye kucha. Alfajiri Kheir alifungua macho.

"Nani kalala kitandani kwa watu?" Ubwa alimuuliza.

"Mimi," alijibu Kheir.

Ubwa aligeukia ukutani. Mabega yake mapana yalikuwa yanatikisika.

Picha ya kawaida ya tumbo haikuonyesha kitu. Daktari Msabah aliwaita wazazi wawili, akaketi nao.

"Mtoto mdogo anayetoka damu nyingi hivi bila ya maumivu, nnashuku kifuko," alisema. "Ni kifuko alichozaliwa nacho kwenye utumbo mdogo."

"Kifuko gani, daktari?" aliuliza Bi Shemsa.

"Nisikilizeni, maana ni ajabu. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, mwanzo kabisa, ni mdogo kama punje ya choroko. Kondo la nyuma halijawa tayari kumlisha. Basi pembeni yake pana kifuko kidogo, na kutoka hapo unakuja mrija mwembamba. Unapita kitovuni, unaingia katika utumbo wake. Kondo likishika kazi, ule mrija hufungwa, hunywea, hupotea kabisa. Haya yote hutokea pengine mama mwenyewe hajajua kama ana mimba."

Bi Shemsa aliweka mkono tumboni, pale Kheir alipokuwa.

"Kwa watu wawili hivi katika kila mia, kipande cha mrija hakipotei," daktari aliendelea. "Kinabaki kwenye utumbo, kama kidole cha glavu. Wengi wao huishi nacho mpaka uzeeni na hawajui. Lakini kwa wengine, ndani ya kifuko huota utando kama ule wa tumbo la chakula. Utando huo hutoa tindikali. Tumbo la chakula limeumbwa kuihimili tindikali. Utumbo haukuumbwa hivyo. Basi hufanya kidonda, na kidonda hutoa damu."

"Ni mimi niliyemfanyia?" aliuliza Bi Shemsa. "Nilipika ubuyu mimba nzima. Pilipili, rangi, moshi..."

"Hapana, Bi Shemsa. Hakuna ulichokula wala ulichofanya. Ni maumbile."

Ubwa aliinua kichwa.

"Kitovu chake nilikizika mimi," alisema. "Tumbatu, nyuma ya nyumba ya mama. Nilidhani njia ile nimeifunga."

"Ya nje umeizika," Daktari Msabah alijibu. "Ya ndani tuachie sisi."

Picha inayoweza kuonyesha kifuko cha namna hiyo ilipigwa Dar es Salaam. Walipanda boti wakifuatana na muuguzi mwingine. Miaka yote Ubwa alipakia mizigo ya watu kwenye boti zile, lakini siku hiyo ndiyo kwanza alipanda amebeba wake mwenyewe.

Katika chumba cha picha, Kheir alipigwa sindano ya mshipani. "Dawa hii ina mionzi kidogo, haimdhuru," fundi wa mashine aliwaeleza. "Huenda mwilini kutafuta utando wa tumbo la chakula. Ikiuona, inang'aa kwenye kioo changu. Mtoto atulie tu."

Kioo kilikuwa cheusi. Kisha, juu, pakaanza kuwaka. "Hilo ndilo tumbo la chakula," alisema fundi. Chini kabisa pakawaka tena. "Hicho kibofu, maana dawa hutoka kwa mkojo." Wazazi walisubiri. Na hapo, katikati ya kiza, upande wa kulia, pakawaka padogo, mahali pasipostahili kuwaka. Kalikuwa kadoa kadogo kama punje moja ya ubuyu. Kakazidi kung'aa pamoja na tumbo la chakula, kama mtoto anayeigiza mkubwa wake.

Kile kipande cha njia, kilichosahauliwa toka Kheir hajawa na sura, kilikuwa kinajionyesha chenyewe.

"Subhana Allah," alisema Ubwa.

"Nani anawaka hivi?" fundi alimuuliza Kheir.

"Mimi," alisema Kheir. Na kwa mara ya kwanza lilikuwa jibu sahihi kabisa.

Daktari mpasuaji, Daktari Maryam, alimpasua kesho yake. Kheir alilazwa usingizi wa dawa, hakuhisi kitu. Daktari alikata kifuko pamoja na kipande cha utumbo chenye kidonda, akaunganisha utumbo uzima kwa uzima. Alipotoka aliwaonyesha kidole chake cha mwisho. "Kilikuwa kirefu hivi tu," alisema. "Hakitarudi tena."

Kheir alikaa kwanza bila ya kula. Kisha akapewa maji, halafu uji. Na asubuhi moja akaomba poti. Wazazi wawili waliinama pamoja kutazama. Choo kilikuwa cha rangi ya udongo, kama cha watu wote duniani. Haijapata kutokea katika nasaba ile tukufu, kinyesi kupokewa kwa machozi na Alhamdulillahi. Siku hiyo kilipokewa hivyo.

Kabla hawajaondoka, Daktari Maryam aliwapa maneno ya kuwapelekea majirani.

"Damu kwenye choo cha mtoto, msiikisie. Mlete. Hata kama haumwi, hata kama anacheza. Na kifuko hiki hakitoi damu tu. Wakati mwingine huvimba, kikauma kama kidole tumbo. Wakati mwingine huziba utumbo. Tumbo likijaa, mtoto akatapika kijani, hakuna kungoja asubuhi."

Bi Shemsa aliyashika maneno hayo. Mpaka leo, mwenye duka akija kuchukua ubuyu, anapewa na somo. "Ukimwona mtoto kapata choo chekundu, tazama ulimi," anasema. "Ulimi si mwekundu, mbio hospitali. Na ulimi ukiwa mwekundu, choo kikarudia, mbio vile vile. Rangi ya ubuyu wangu naijua mimi, na bado ilinihadaa."

Waliporudi Michenzani, majirani walijaa ukumbini. Kheir alipanda ngazi kwa miguu yake, akiinua shati kila ghorofa kuonyesha mshono. Bi Radhiya alimwamuru atoe ulimi. Ulikuwa wa rangi ya waridi. "Mashaallah," alisema, na jumba zima likasikia.

"Wageni hawali kitu?" alisema Bi Shemsa kwa furaha. Alishusha ndoo kutoka juu ya kabati ili awagawie ubuyu. Akafunua.

Ndoo ilikuwa karibu tupu.

Kheir alikuwa Dar. Ubwa alikuwa Dar. Bi Shemsa alikuwa Dar.

"Nani kala?" aliuliza Bi Shemsa.

"Mimi," alisema Kheir.

Safari hii hakuna aliyemwamini. Bi Radhiya aligeuka taratibu. Katika kipindi chote hicho ni Tahiya aliyebaki, na mlo wake alikula kwa Bi Radhiya, macho chini, mdomo umefumba.

"Tahiya, mwanangu. Toa ulimi."

"Nna mafindofindo, Bi Radhiya. Daktari wa skuli kasema nisiutoe nje, upepo..."

"Toa."

Ulimi ulitoka. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye shina.

Bi Shemsa hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alitazama ulimi ule, kisha ndoo, kisha Kheir.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "ungesema ni wewe, ningejua siku ile ile kwamba ndugu yako hakula. Tusingengoja mpaka akawa baridi."

Tahiya alikaa chini sakafuni. Kheir alimfuata, akainua shati, akauweka mkono wa dada yake karibu na mshono. Chini ya mkono ule tumbo lilipanda na kushuka, lina joto, lina uzima.

Mwandishi alikusudia kuimalizia hadithi kwenye poti ya Dar, ambapo kila mtu alikuwa na furaha. Lakini Bi Radhiya kaisoma, mama kaisoma, na wote wawili wamesema haitoki mlangoni mpaka iseme kweli yote. Basi nafuta "adabu nyingi" iliyoandikwa mwanzo. "Akili nyingi" naipunguza. "Sura ya kupendeza" naibakisha, mama karuhusu.

Nani alikuwa anakula ubuyu?

Mimi.